Kabla Hujaukata, Uupe Mwaka Huu Nao

Bwana Yesu asifiwe.

Wiki iliyopita binti mmoja alikuja kibandani kwangu cha ushonaji hapa Mwanjelwa, Mbeya, kupunguziwa sketi. Nikiwa nafumua mshono akaanza kunieleza kwamba anarudia mtihani wa kidato cha nne kwa mara ya pili, anajitegemea, anasoma jioni baada ya kuuza duka la watu. Ameamua kuacha. Rafiki yake anampeleka kwenye mitumba. "Dada, nimechoka kusubiri," akasema, na macho yakamlenga machozi. Siku ile wateja walikuwa wamejaa, nikamwambia tu "Mungu yupo, mdogo wangu," akachukua sketi yake akaondoka. Nimekosa amani tangu siku hiyo. "Mungu yupo" ni kweli, lakini mtu aliyechoka ukimwachia hilo peke yake umempa kikombe kitupu. Haya ndiyo niliyotaka kumwambia.

Novemba 2016, mvua zilipoanza, nilipanda miche 84 ya parachichi aina ya Hass kwenye ekari moja aliyotuachia marehemu baba kule Rungwe, ukishapita Kiwira kuelekea Tukuyu. Fedha niliikusanya miaka miwili kwa kushona sare za shule usiku. Lengo langu lilikuwa moja, nililiandika nyuma ya Biblia yangu: mwanangu asome uuguzi bila mimi kukopa. Tulichimba mashimo futi mbili kwa futi mbili, udongo wa juu tukauweka upande wake, tukauchanganya na samadi debe kwa kila shimo, mche na mche mita saba. Kila mche nilipouchana kiriba na kuushusha shimoni nilisema "kwa jina la Yesu." Mara 84.

Rungwe mvua haina mchezo, kwa mwaka inapita milimita 2,000. Wanaolima parachichi wanajua kwamba mti huu unapenda maji lakini hautaki kabisa yatuame miguuni pake. Mimi sikujua. Ile sehemu ya bondeni maji yalisimama, mizizi ikaoza, majani yakawa ya manjano kuanzia ncha kisha yakaanguka. Miche 19 ikafa hivyo. Niliomba na kufunga kwa ajili ya miche ile, na wala sijutii maombi, ila hata mfereji mmoja wa kutoa maji sikuchimba.

Kisha ukaja 2018. Shoga yangu mmoja alikuwa amevuna mpunga vizuri Usangu, akaniambia parachichi ni kilimo cha wastaafu, twende Ubaruku tukodi majaruba, miezi michache tu fedha mkononi. Nikaenda. Msimu mzima sikukanyaga Rungwe. Mpunga wenyewe ulinirudishia mtaji bila faida, na niliporudi shambani nikakuta majani yamefika kifuani, na ng'ombe wa watu wamekula miche 14 mpaka shina. Zikabaki 51.

Naomba hapo pasomwe taratibu. Miche iliyokufa kwa maji niliipoteza kwa kutojua. Ile 14 niliipoteza kwa kuhama. Na ninavyoona mimi, malengo mengi ya watu wa kwetu hapa Nyanda za Juu yanakufa kifo hicho cha pili. Hakuna adui aliyekuja na rungu. Limekuja jambo jema jingine, likapiga hodi, tukafungua mlango. Leo parachichi, kesho mpunga, keshokutwa bajaji. Kila moja ni fursa kweli, na kila moja tunaiacha ikiwa na mwaka mmoja na nusu.

Mwishoni mwa 2019 miti ilitimiza miaka mitatu. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti mwingine, ndio umri wake wa kuanza kuzaa, na ile yangu ilichanua kweli. Ukiliona ua la parachichi ni kitu kidogo sana, kijani kilichopauka karibu na njano, yamesongamana kwenye tawi maelfu kwa maelfu. Nikapiga picha, nikawatumia ndugu. Baada ya muda maua yakaanza kudondoka. Nikiingia chini ya mti nakanyaga zulia la maua. Siku hizi najua kwamba ndivyo parachichi lilivyo, maua mengi mno huanguka na machache sana ndiyo hushika tunda, hata kwenye mti wenye afya. Lakini yangu hayakushika hata moja. Wakati huohuo viazi vilikuwa na bei.

Nikapanda Coaster ya Tukuyu Jumamosi moja nikiwa na panga kwenye kiroba.

Nilikuwa nimeshachagua mti wa kwanza, ule wa kona, nikasikia mtu anakohoa njiani. Ni bibi mmoja jirani wa shamba letu, mama wa kanisa, anatoka kukata majani ya ng'ombe, mzigo kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndaga. Panga la nini?"

"Naikata hii miti, bibi. Miaka mitatu inanila tu. Nipande viazi."

Akautua mzigo wake. Akasogea kwenye ule mti wa kona, akainama, akachota udongo wa shinani kwa vidole na kuusugua kiganjani. Ulikuwa mgumu, umekaza kama sakafu. Akaniangalia.

"Mwaka huu umeupa nini?"

Sikuwa na jibu. Samadi ya mwisho ilikuwa ile ya shimoni, 2016. Palizi nililipa kijana afyeke mara moja. Matandazo sikuweka.

"Basi wewe huudai," akasema. "Mti ndio unakudai." Kisha akaniambia nikifika nyumbani nisome Luka kumi na tatu, akajitwisha mzigo wake akaenda.

Nilisoma usiku ule, Luka 13 kuanzia mstari wa 6. Mfano wa mtini nimeusikia tangu Sunday school, lakini sikuwahi kuuona kwa macho ya mtu mwenye panga. Mwenye shamba amekuja kutafuta matunda miaka mitatu. Mitatu, kama mimi! Anasema ukatwe. Yule mtunzaji anamjibu: "Uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi." Ukizaa vema, usipozaa ndipo uukate.

Tangu siku ile neno uvumilivu limebadilika kichwani mwangu. Nilidhani kuvumilia ni kukaa na kungoja huku umekunja mikono na kuimba "ipo siku." Yule mtunzaji hakuomba muda mtupu. Aliomba mwaka, akaahidi jembe na samadi ndani ya huo mwaka, na akakubali kwamba mwaka ukiisha utasemwa ukweli. Mtu anayengoja bila jembe anauchosha mti na anajichosha mwenyewe. Mtu asiyekubali mwaka uwe na mwisho anaweza kung'ang'ania kitu ambacho Mungu alishamwonyesha akiache, akakiita imani. Nina rafiki aliyefunga mgahawa wake hapa Kabwe baada ya kuupigania mwaka mzima kwa uaminifu, na hesabu ikakataa. Hakutenda dhambi, na watu waliomwambia ana imani haba walimwumiza bure.

Baadaye, nikitafuta habari za miti hii, nilikutana na kisa cha Hass mwenyewe. Nilidhani ni jina la kampuni. Kumbe ni mtu, Rudolph Hass, mgawa barua wa California, Marekani. Miaka ya 1920 alipanda mbegu za parachichi akitaka kuzibebesha vikonyo vya aina iliyokuwa ikisifika wakati huo, Fuerte. Mche mmoja ulikataa. Akaubebesha tena, ukakataa tena. Akataka kuutoa, na fundi aliyekuwa akimbebeshea akamshauri auache kwa sababu una nguvu. Akauacha. Ukazaa tunda la ganda jeusi lenye mikunjo, na mwaka 1935 akaliandikishia hataza, yaani haki ya mgunduzi. Kila mti wa Hass duniani, pamoja na ile ya kwangu, umetokana na vikonyo vilivyoanzia kwenye mti ule mmoja uliokaribia kung'olewa. Nilipolisoma hilo niliinuka kwenye cherehani nikatoka nje kidogo.

Mwaka 2020 basi ukawa "mwaka huu nao" wangu. Nilinunua daftari la shilingi mia tano, nikaandika tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho, na kila Jumamosi naandika nilichoupa mti. Samadi madebe mawili kila mti mvua zilipoanza kupungua. Matandazo ya majani ya migomba, yasiguse shina. Mfereji wa bondeni, ambao ungekuwepo tangu 2016 ningevuna mapema. Maombi yangu nayo yalibadilika. Zamani niliomba "Bwana, nipe matunda." Mwaka ule niliomba zaidi "Bwana, nipe nguvu ya kupanda gari Jumamosi hii," maana kuna Jumamosi mvua inanyesha tangu Uyole, mgongo unauma kwa kushona wiki nzima, na hakuna mtu angejua nisipokwenda.

Na fursa zilikuja mwaka uleule, nadhani kuliko mwaka mwingine wowote. Shoga wa mpunga alirudi. Mwingine akataka kuniingiza kwenye upatu wa kwenye simu, weka kidogo leo, kesho mara mbili. Wa tatu alinipigia mahesabu ya kufungua kibanda cha pili kwa mkopo wa kausha damu. Hapo ndipo Nehemia alinisaidia. Alipokuwa juu ya ukuta wa Yerusalemu, adui zake akina Sanbalati hawakuanza na mikuki. Walimwalika kikaoni, katika bonde la Ono. Walimwita mara nne, naye mara nne akatoa jibu lilelile: "Ninafanya kazi kubwa mimi, hata nisiweze kushuka." Hakulibadilisha hata alipoitwa mara ya nne. Ukuta ukaisha kwa siku 52. Mimi awali nilikuwa najieleza sana, naomba radhi, natoa sababu tano, na kila sababu inajibiwa mpaka najikuta nimekubali. Nikajifunza kusema, "Dada, ahsante kwa kunikumbuka, mwaka huu nina kazi Rungwe." Nikinyamaza hapo, mazungumzo yanahamia kwingine yenyewe.

Msimu uliofuata miti 22 ilishika matunda. Parachichi halilainiki likiwa mtini. Unalichuma likiwa gumu na ndipo linaiva. Unalikata kwa mkasi, unaacha kikonyo kifupi, kwa sababu ukilinyofoa linaingia uozo pale juu na mnunuzi analikataa. Tulikata moja moja, mwanangu ameshika ndoo. Kilo 46. Wanaolima kwa wingi wataona ni kitu kidogo, na kwa hesabu ni kidogo kweli, haikufika hata gharama ya samadi. Mwanangu alilala usiku ule na mkasi chini ya mto.

Katika ile 22 ikaonekana miti tisa haikuwa Hass kabisa. Matunda yalikuwa laini, ya kijani, shingo ndefu. Aliyeniuzia miche alinipa mchanganyiko kwa bei ya Hass. Nililia, sitaficha. Hiyo tisa sikuiambia "mwaka huu nao," kwa sababu hakuna samadi inayogeuza mti wa aina moja kuwa wa aina nyingine. Fundi alikuja akaikata usawa wa kiuno na kuibebesha upya vikonyo vya Hass vya kutoka kwenye miti yangu mwenyewe. Shina lilelile, mizizi ileile, tawi jipya.

Sasa mdogo wangu wa sketi, kama unasoma. Sitakwambia usiache. Nakuuliza swali la bibi: mwaka huu umeupa nini huo mtihani? Kama umeurudia kwa madaftari yaleyale, usiku umechoka, hesabu unaikwepa kwa sababu inakuumiza, basi mti bado unakudai. Chukua daftari la mia tano. Andika Novemba kuwa mwisho wako. Tafuta mtu mmoja wa kukufundisha hesabu, hata kwa kubadilishana kazi. Kuna mwalimu ananiletea nguo zake hapa, nitamwomba. Mwombe mwenye duka saa moja ya mapema mara mbili kwa wiki. Mitumba itakuwepo Desemba, Mwanjelwa haihami. Na Novemba ikipita umeufanyia kazi yote na bado haukukubali, njoo tukae tuutazame huo mti pamoja bila aibu. Huenda ni wa kubebesha upya, huenda ni wa kuuachia nafasi. Paulo aliwaandikia Wagalatia tusichoke katika kutenda mema, maana tutavuna kwa wakati wake, na mimi nalishika hilo nikijua kwamba aliyeliandika alikuwa mtu wa kazi ya mikono, mshona mahema.

Mwanangu yuko mwaka wa pili wa uuguzi. Ada ya muhula huu nusu imetoka Rungwe, nusu kwenye cherehani. Yale mapengo ya bondeni nimeanza kuyajaza, safari hii kila mche juu ya tuta la kimo cha goti ili maji yapite pembeni. Nimepanda sita, zimebaki nafasi kumi na tatu. Bibi yule amezeeka, hatoki tena kwenda kukata majani, lakini Jumamosi nikipita kwake na kapu la parachichi huwa analiweka chini bila kulitazama kwanza, ananishika mkono, ananiuliza mwaka huu nimeupa nini.