Jibu: Je, nimebarikiwa ilhali mfuko ni mtupu?

Ndugu mpendwa, umeuliza kama Mkristo wa hapa Goma anaweza kweli kusema amebarikiwa wakati kodi ya nyumba haijalipwa na watoto wamerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo. Naamini anaweza. Katika Waefeso 1:3, Paulo haandiki kwamba Mungu atatubariki. Anaandika kwamba ametubariki, kisha anazitaja baraka zenyewe: kuchaguliwa, kufanywa wana, ukombozi, msamaha wa dhambi na muhuri wa Roho Mtakatifu, na hakuna hata moja inayonunuliwa soko la Virunga. Waraka huo, tukumbuke, aliuandika akiwa kifungoni.

Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, mama mmoja wa kwaya yetu, ambaye nyumba yake ilimezwa na lava, alirudi kuimba akiwa na kitenge kilekile alichokimbia nacho, pindo lake likiwa bado jeusi kwa vumbi. Aliimba huku machozi yakimtiririka. Sikuona kwamba alijifanya. Huzuni na furaha vilikaa pamoja ndani yake.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usijilazimishe kucheka. Kila asubuhi, kabla ya kuomba lolote, mshukuru Mungu kwa baraka moja kati ya hizo alizozitaja Paulo, ukiitaja kwa jina lake.