Mayai ya Artemia hayaanguliwi tena: je, niongeze chumvi?

SWALI: Bwana Daktari, ninazalisha vifaranga vya kambale hapa Bukavu, na siku zao za kwanza ninawalisha Artemia, vile vidudu vidogo vya maji ya chumvi. Mkebe wa mayai nilioufungua mwezi wa pili ulikuwa mzuri, lakini sasa, baada ya miezi saba, hata robo ya mayai haianguliwi. Aliyeniuzia ananiambia kwamba mayai haya hayafi: niongeze chumvi maradufu, na yale yaliyobaki niyaanike juani kisha niyarudishe majini. Nifuate shauri lake?

JIBU: Mama, usiongeze chumvi wala usianike chochote. Neno hilo kwamba “mayai haya hayafi” ninalisikia karibu kila wiki, na linanichosha kwa sababu limejengwa juu ya ukweli uliosemwa nusu.

Tunachokiita yai ni kiinitete kilichosimamisha ukuaji wake kikiwa na seli kama 4,000, kikajifunga ndani ya ganda gumu. Kikikauka, sukari iitwayo trehalosi hushika nafasi ya maji ndani ya seli, na protini kama ile iitwayo p26 huzuia protini nyingine zisiharibike. Katika hali hiyo ya ukavu huvumilia baridi kali kuliko ya frigo yoyote, na joto la hadi digrii 60. Mwaka 1997 mtafiti James Clegg alichapisha matokeo ya viinitete vilivyokaa miaka minne ndani ya maji yasiyo na oksijeni na bado vikawa hai. Wauzaji wamesikia habari za namna hiyo, wakaishia hapo. Uvumilivu huo ni wa hatua moja tu ya maisha ya mdudu huyu. Kiinitete hicho hicho kikiisha kunywa maji, joto la zaidi ya digrii 40 hukiua. Na ganda likiisha kupasuka, kinga zile huondoka, hata lava, yaani mtoto aliyeanguliwa anayeogelea, ukimwanika hufa kama kiumbe mwingine yeyote wa majini.

Mkebe wako, kwa maelezo yako, umeharibiwa na unyevu. Yai lenye maji chini ya asilimia 10 limesimama kabisa, halitumii kitu. Likivuta unyevu wa hewa likafika kati ya asilimia 10 na 35, huanza kuchoma akiba yake polepole bila kuwa na maji ya kutosha kuanguliwa. Kila mara ulipofungua mkebe huo wakati wa mvua uliyapa mayai kinywaji kidogo, nayo yakala akiba yao gizani. Kuyaanika sasa hakurudishi kilicholiwa, na kuyalowesha upya ni kuyatoza tena.

Kuhusu chumvi, shauri la muuzaji ni baya zaidi. Ni kweli kwamba Artemia mzima huishi katika maji yenye chumvi mara kadhaa kuliko bahari, kama yale ya Great Salt Lake huko Marekani, yanakotoka mayai mengi ya biashara. Lakini ili ganda lipasuke, kiinitete hugeuza trehalosi kuwa gliseroli, ambayo huvuta maji ndani mpaka msukumo wake ulipasue ganda. Maji ya nje yakiwa na chumvi nyingi, gliseroli inayohitajika ni nyingi zaidi, yaani unamdai zaidi yule ambaye akiba yake imekwisha. Baki kwenye gramu 25 hadi 30 kwa lita, pamoja na hewa isiyokatika na taa karibu na chombo.

Kabla ya kuulaumu mkebe peke yake, pima pia joto la maji saa nane za usiku. Mayai yanataka digrii 25 hadi 28, na usiku wa Bukavu hauyapi hayo bila kifaa cha kupashia moto. Chini ya 20 kazi ya siku moja huweza kuchukua mbili au zaidi.

Sasa wamezuka watu wanaofungua mikebe mikubwa, wanagawa mayai katika vifuko vya plastiki vinavyopitisha unyevu, na wenye mayai yaliyochoka wanawauzia tena “dawa ya kuyaamsha”. Peroksidi ya hidrojeni, ikipimwa vizuri, huweza kuamsha mayai ambayo bado yamo katika usingizi wao wa asili. Yako yaliamka zamani, yakafa njaa, na hakuna chupa itakayoyafufua. Mkebe unaofuata ugawe siku ile ile ya kuufungua katika chupa ndogo kavu zenye vifuniko vya kukaza, uziweke kwenye frigo, na kila chupa uiache ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo umande utaingia humo humo. Ukinunua vifuko, omba kwanza gramu moja, uiweke katika lita moja ya maji hayo ya chumvi, uhesabu lava baada ya saa 24 hadi 36. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo, mwachie bidhaa yake.