Maswali ya Wasomaji: Orodha ya malengo yangu imekuwa mzigo

SWALI: Ndugu Mshauri, salamu nyingi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika katika daftari mambo ninayotaka kuyatimiza maishani, na sasa yamezidi sitini. Yamo kujifunza Kifaransa, kuandika kitabu, kuwa na afya njema, kumaliza madeni, kuiona theluji kwa macho yangu, na kupatana na kaka yangu ambaye tumekosana kwa muda mrefu. Kila mwaka unapoanza naongeza mengine, lakini kuyafuta ya zamani naona haya. Niliwahi kusoma kwamba kati ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 1953, asilimia 3 walioandika malengo yao walikuja kuwa na mali kuliko wenzao wote kwa jumla. Mimi nimeandika, tena kwa mwandiko mzuri, na sioni matokeo. Ninakosea wapi?

JIBU: Ndugu Msomaji, nianze na hao wahitimu wa Yale, kwa kuwa habari yao imewavunja moyo watu wengi pasipo sababu. Utafiti huo haukuwahi kufanyika. Waliofuatilia asili yake hawakupata kumbukumbu yoyote inayouthibitisha, ingawa hadi leo unasimuliwa kwenye semina kana kwamba ni jambo lililohakikiwa. Kuandika kunasaidia, lakini wino peke yake haujapata kumfikisha mtu popote. Tatizo lako, nionavyo, ni kwamba umeyaweka pamoja mambo ya asili tofauti, kisha unayadai yote yaende kwa mwendo mmoja.

Itazame orodha yako. Kuiona theluji ni tamanio: linahitaji fedha na nafasi, na kesho asubuhi halitakudai chochote. Kumaliza madeni ni lengo hasa, kwa sababu lina kiasi kinachojulikana na siku ya mwisho inayoweza kupangwa. Kuwa na afya njema ni mwenendo wa maisha yote, na ukiuandika hivyo hutaipata kamwe siku ya kuupigia mstari kwamba umekwisha. Kupatana na kaka yako ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa nusu yake imo mikononi mwake. Unaloweza kuliandika ni la upande wako, yaani kumpigia simu na kumwomba mkutane, na kwa maoni yangu hilo halistahili kusubiri zamu daftarini.

Ukishayatenga, chagua malengo mawili au matatu ya kufanyia kazi kwa miezi mitatu ijayo, na mengine yote uyahamishie kurasa za nyuma, ambako yatakaa salama bila kukukodolea macho kila unapofungua daftari. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, seuze aliyeshika sitini.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe, maana hapa ndipo orodha nyingi hulegea. Tangu makala ya mwanasaikolojia Edwin Locke ya mwaka 1968, na baadaye katika kazi aliyoifanya pamoja na mwenzake Gary Latham, imeonekana mara nyingi kwamba lengo mahususi lenye ugumu wa kutosha humfanya mtu ajitume kuliko kuambiwa tu ajitahidi awezavyo, ilimradi amelikubali kwa dhati na anapata njia ya kujua amefika wapi. “Kujifunza Kifaransa” hakuna ugumu wala wepesi, kwa sababu hakusemi unataka kufika wapi. Andika badala yake: “Kufikia mwisho wa mwezi wa tatu, niweze kujieleza kwa Kifaransa kwa dakika tano bila kusoma popote: mimi ni nani, nafanya kazi gani, jana nilifanya nini.” Sentensi hiyo unaweza kuipima, na ukishindwa utajua umeshindwa wapi, pengine kwenye vitenzi vya wakati uliopita, na si kwenye Kifaransa kizima.

Chini yake ongeza mstari mmoja zaidi. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alieleza nguvu ya kuufunga uamuzi kwenye tukio fulani: likitokea hili, nitafanya lile. Kwa hiyo usiandike “nitasoma jioni,” kwa kuwa jioni ni ndefu na ina wageni wengi. Andika: “Nikimaliza kuosha vyombo vya usiku, nitakaa mezani papo hapo na kusoma somo moja.” Kuosha vyombo ndiko kutakakokukumbusha, nawe hutalazimika kuanza kushauriana upya na nafsi yako kila usiku.

Katika kupanga muda, jihadhari na matumaini. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza jinsi watu wanavyokadiria kazi zao kwa muda mfupi kuliko zinaochukua, hata pale wanapojua kwamba kazi kama hizo ziliwahi kuwachelewesha. Kitabu chako, basi, usikikadirie kwa kufikiria siku zako nzuri. Angalia ni kurasa ngapi uliandika mwezi uliopita, kisha upige hesabu kwa hizo.

Kuhusu kuona haya kufuta malengo ya zamani, nakuomba uache. Utafiti wa Carsten Wrosch na wenzake uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba watu wanaoweza kuliachilia lengo lisilofikika, na kushika jingine lenye maana kwao, huwa na hali njema zaidi ya nafsi. Kila baada ya miezi mitatu pitia daftari zima na ujiulize, kwa kila mstari, kama ungeuandika leo iwapo usingekuwapo. Ukijibu hapana, ufute, na pembeni uandike tarehe.

SWALI: Je, ni vyema kuwatangazia watu malengo yangu, au niyafiche?

JIBU: Inategemea unatangaza nini. Gollwitzer na wenzake, mwaka 2009, waliona kwamba mtu anapotangaza nia inayohusu sifa anayoitaka, mfano kuwa mwandishi, na watu wakaitambua, huweza kuridhika mapema na kupunguza juhudi. Kwa upande mwingine, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kufuatilia maendeleo husaidia, na husaidia zaidi yanapoandikwa au kutolewa taarifa mbele ya wengine. Kwa hiyo usiwaambie marafiki kwamba unaandika kitabu. Mtafute mmoja asiyeona taabu kukuuliza, na kila Jumamosi mpelekee kurasa ulizoandika, hata zikiwa mbili.