Mlibertari si mhafidhina aliyebadili jina

Ndugu, umeuliza kama walibertari wa Marekani, yaani wanaotaka serikali iingilie maisha na biashara za watu kidogo iwezekanavyo, si Warepublican (chama cha wahafidhina) tu waliobadili jina. Hapana. Utata unaanzia pale tunapowapanga wote kwenye mstari mmoja wa kushoto na kulia. David Nolan, mmoja wa waanzilishi wa chama chao mwaka 1971, alichora mistari miwili: uhuru wa kiuchumi na uhuru binafsi. Mhafidhina anapanda kwenye wa kwanza, mliberali kwenye wa pili, mlibertari kotekote.

Chukua bangi na kima cha chini cha mshahara. Mliberali ataruhusu bangi na kupandisha kima. Mhafidhina wa kawaida atagoma kotekote. Mlibertari ataruhusu bangi na kukifuta kima chenyewe, kwa hoja ileile: watu wazima wamekubaliana, serikali inaingiaje hapo?

Mchoro huo unawapendelea, maana wameuchora wenyewe (nani ajichore vibaya?), na hausaidii kwenye utoaji mimba, suala linalowagawa hata wao.

Halafu chunga neno “mliberali”: hapa nimelitumia kwa maana ya Kimarekani, mtu wa mrengo wa kushoto, lakini kwingine lina maana tofauti. Ujerumani, kwa mfano, chama cha kiliberali, FDP, ni cha soko huria na kodi ndogo.