Kabla ya kuuliza wanakula nini

Swali lenu la wiki hii, "Wazee waliovuka miaka 100 wanakula nini ambacho sisi hatuli?", limenichoma. Mimi nina swali la kutangulia: nani kathibitisha kwamba wamevuka?

Mnaikumbuka Vilcabamba, kule kusini mwa Ekuador? Sensa ya 1971 ilihesabu wakazi 819, tisa kati yao wakitajwa kuwa na miaka 100 na zaidi. Januari 1973 daktari wa Harvard, Alexander Leaf, akawaandika katika jarida la National Geographic pamoja na wazee wa Hunza, Pakistani, na Abkhazia, kwenye milima ya Kaukazi, basi watu wakaanza kuulizia maji yao, mboga zao, hata hewa yao. Ndipo watafiti Richard Mazess na Sylvia Forman walipokwenda kupekua vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo.

Ugumu ulikuwa kwenye majina. Kijiji kidogo, koo chache, majina yaleyale. Mtoto akifa, anayemfuata hupewa jina lake. Mpwa naye hubeba la mjomba. Ukiokota rekodi ya kwanza yenye jina unalolitafuta, umeshampa mzee wako miaka ya marehemu. Dawa yake ni kuijenga upya familia nzima: majina ya wazazi wote wawili, ndugu kwa mfuatano wa kuzaliwa, mwaka wa ndoa, umri wa mama kila alipojifungua. Hesabu ikionyesha mama kazaa akiwa na miaka 60, ujue umeshika rekodi ya mtu mwingine. Walipochapisha matokeo mwaka 1979, hakukuwa na hata mmoja aliyefika 100. Mkubwa kuliko wote alikuwa na 96, na waliojiita wa miaka 100 na zaidi walikuwa na wastani wa 86. Si lazima tuwaite waongo: penye heshima kwa uzee, miaka hujiongeza yenyewe.

Kwetu mtego ni uleule. Mjukuu hurithi jina la babu, na vitambulisho vya wazee vimejaa tarehe mosi Januari. Tunaambiwa "bibi alizaliwa wakati wa Maji Maji" na tunaitikia tu. Vita vile vilikuwa 1905 hadi 1907. Bibi huyo leo angekuwa na miaka kama 120, na rekodi ya dunia iliyokubalika ni 122, ya Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, aliyefariki 1997.

Chakula chenyewe, hata umri ukithibitika, hakipimiki kirahisi. Anachokula mtu akiwa na miaka 100, tena meno yameisha, hakikuambii alikula nini akiwa na 40. Na umlinganishe na nani, wakati rika lake limekwisha? Ndiyo maana utafiti wa Leiden, Uholanzi, huwachukua watoto wa wazee walioishi sana na kuwalinganisha na wake au waume wa watoto hao: umri unakaribiana, nyumba moja, chungu kimoja, damu tofauti. Jeni kama APOE na FOXO3 zina mchango wake, ila hazitoshi peke yake.

Hata hivyo, naona nimekaza mno. Mtu wa miaka 86 mwenye nguvu si habari ndogo, na nguvu haihitaji cheti cha kuzaliwa. Mpe kiti kisicho na mikono, akunje mikono kifuani, ainuke na kuketi mara tano. Ikizidi sekunde 15, misuli ina walakini. Mpime mwendo kwa mita 4. Chini ya mita 0.8 kwa sekunde ni dalili mbaya. Mstari wa mwisho uuweke kuipita alama ya mita 4, la sivyo mzee atapunguza mwendo kabla hajafika na utamdhulumu. Mshiko wa mkono, kwa kipimo cha kubana, ukiwa chini ya kilo 27 kwa mwanamume au 16 kwa mwanamke, ni udhaifu.

Kwa hiyo ulizeni tu wanakula nini, ila waulizeni hawa wa miaka 80 na kitu wanaoinuka kitini bila kushikwa, muwafuatilie miaka kadhaa, mkiandika chakula cha leo badala ya cha kukumbuka. Mwenye magoti mabovu msimtoe kwenye hesabu kwa kushindwa kiti peke yake. Huenda mshiko wake bado ni mzima.