Wenzako watatoa damu ukiwafuata mmoja mmoja

Dada, unauliza ufanyeje wenzako wa kazini hapo Upper Hill, Nairobi, wajitokeze kutoa damu Ijumaa, maana mara ya mwisho walikuja wanne tu. Bango ukutani halitoshi. Mfuate mtu mezani kwake: “Twende pamoja saa nne?” Wengi wanaogopa sindano na hawasemi. Mimi nilimshika mkono mwenzangu wa uhasibu. Alifumba macho, akahesabu hadi kumi, alipofumbua mfuko ulikuwa unajaa polepole. Waambie ni kama mililita 450 tu, na mtu awe na angalau kilo 50. Wanywe chai, wale vizuri kabla. Atakayekutwa na damu pungufu asiaibishwe, tafadhali. Meneja naye aombwe ruhusa mapema, la sivyo watu wa zamu hawatatoka.