Maswali ya studio: leseni, flashi na programu zilizochakachuliwa

Nina toleo la majaribio la FL Studio, programu ya kutengeneza biti. Nilihifadhi biti jana, leo haifunguki. Nimekosea wapi? (Mbagala)

Hujakosea, hukusoma. Toleo la majaribio linakuachia karibu kila kitu, hata kutoa wimbo mzima, ila mradi uliohifadhi haufunguki tena mpaka ununue. Ukishanunua, biti yako utaikuta. Na usikimbilie toleo la Fruity kwa kuwa ni rahisi, kisha uniandikie kwamba halirekodi waimbaji. Halirekodi. Chukua toleo la Producer, na Image-Line, watengenezaji wake, hawatakudai tena matoleo mapya yakitoka.

Kaka, nitumie linki ya kraki (toleo lililochakachuliwa) ya Ableton isiyo na virusi.

Swali hili haliishi. Sina, na anayekuambia anayo hajui kilichomo ndani. Mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET walieleza kuhusu LoudMiner, programu hasidi iliyosambazwa ndani ya programu za muziki zilizochakachuliwa, Ableton Live ikiwemo. Programu inafunguka na inapiga kazi vizuri, huku chini kwa chini kompyuta inamchimbia mtu mwingine sarafu za kidijitali za Monero. Prodyuza hashtuki, amezoea kuona mashine ikielemewa na feni zikipiga kelele. Luku inaisha, anailaumu TANESCO.

Halafu ni ninyi hao hao mnaoniandikia kwamba msanii kaondoka na biti bila kulipa.

Sina hela ya programu kubwa. Nianze na nini? (Kisumu)

REAPER, programu ya kurekodi na kuchanganya muziki. Siku 60 za majaribio, haijafungwa kitu, kisha dola 60 kama kazi yako haikuingizii zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Sidhani kama inakuingizia. Waveform Free, programu ya aina hiyo hiyo, ni bure kabisa, na sintesaiza (ala ya kutengenezea sauti) ya Vital ina toleo la bure linalotosha. Kwamba huna kadi ya benki si sababu tena. M-Pesa inatoa kadi ya mtandaoni.

Tumeibiwa laptop ikiwa na flashi ya iLok. Leseni zote zilikuwa humo. Tufanyeje?

Poleni. Toeni taarifa kwa PACE, wenye iLok, leo hii. Kama hamkuwa mmelipia mapema kinga yao ya flashi kuibiwa au kupotea, mtabaki kubembeleza kampuni za programu moja moja ziwape leseni upya, na huruma ni yao. Hapa ndipo ninapogombana na watengenezaji: mwenye kraki akiibiwa anapakua nyingine jioni hiyo hiyo, aliyelipa ndiye anayehangaika. Steinberg, watengenezaji wa programu ya muziki ya Cubase, walichelewa kuliona hilo, ila Cubase 12 ya mwaka 2022 ikaja bila flashi. Wenye Cubase za zamani bado wamekwama, maana eLicenser, huduma iliyosimamia leseni za flashi zao, imefungwa 2025.

Leseni zinazoruhusiwa kukaa kwenye kompyuta au wingu, zihamishieni huko. Na kabla ya kufomati mashine, ondoeni leseni kwanza. Kwanza, si baada ya fundi kumaliza.

Plagini (programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya programu ya muziki) nilipe kwa mwezi au ninunue moja kwa moja?

Nunua. Machi 2023 Waves, kampuni ya plagini, walitangaza kwamba kuanzia hapo ni kulipia usajili tu. Wateja wakawaka, na ndani ya siku chache kampuni ikarudisha uuzaji wa kawaida. Usitegemee kelele zitafanikiwa kila mara. Mwezi utakaoshindwa kulipa ndio mwezi msanii anarudi kutaka ubadilishe wimbo wa mwaka jana, unafungua mradi, plagini nusu hazipo. Kwa hiyo, hata ukiwa na leseni ya kudumu, kila kazi ikiisha toa treki zote kama faili za WAV, weka kwenye diski ya nje. WAV haiombi leseni.

Ala za Kontakt (programu ya kupigia ala zilizorekodiwa) nilizonunua zinakata kila baada ya dakika 15. Kompyuta mbovu?

Kompyuta ni nzima. Unatumia Kontakt Player ya bure kufungua maktaba ya ala inayotaka Kontakt kamili. Ukurasa wa bidhaa huwa unasema, karibu na bei.